Darasa zima linasoma, mtoto mmoja mmoja hawezi

Nianze na kabinti kamoja ka darasa la kwanza, jina lake nalihifadhi. Ilikuwa mwezi wa tisa, kuna ukurasa wa kuku tulikuwa tumeusoma wiki nzima, mimi natangulia wao wanafuata, darasa linanguruma mpaka mwalimu wa darasa la pili anakuja kufunga dirisha. Siku hiyo nikamwita mbele maana nilikuwa naandaa ripoti za wazazi na nilitaka kumpa alama yake. Akasoma ukurasa wote bila kukosea hata neno, sauti nzuri, kwenye nukta anatulia, kwenye alama ya kuuliza anapandisha. Nikafurahi sana. Alafu sijui hata nilivutwa na nini, nikaweka kidole kwenye neno moja la katikati, "mtama", nikamwambia hebu niambie hili ni neno gani.

Kimya. Akaniangalia, akaangalia kidole changu, kisha akarudi juu kabisa mwanzo wa ukurasa akaanza kutembeza midomo bila sauti huku anasogeza kidole chake neno kwa neno, mpaka kidole chake kikagonga changu, akasema "mtama".

Yaani mtoto alikuwa anaimba. Ule ukurasa kwake ulikuwa wimbo na ili afike ubeti wa tatu ilibidi aanzie wa kwanza. Na hakuwa mtoto mvivu wala mzito, angalieni kazi aliyoifanya, amehifadhi ukurasa mzima kwa masikio tu, akili ya namna hiyo ukiifundisha kusoma inasoma ndani ya miezi miwili. Tatizo lilikuwa kwangu, nilikuwa nafundisha darasa na sikuwa nafundisha yeye.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nikachukua daftari la mahudhurio, watoto 118, nikaanza kuwaita mmoja mmoja, nje chini ya mwarobaini, wengine wakiwa wanaandika. Sikuwapa ukurasa wanaoujua, niliandika maneno kumi kwenye kipande cha boksi, maneno rahisi tu ambayo hatukuwahi kuyasoma kwa pamoja. Ilinichukua karibu wiki mbili. Watoto 41 hawakusoma hata neno moja kati ya kumi. Na hao hao asubuhi yake walikuwa wanapaza sauti darasani kama wenzao.

Hiki ndicho kitu ninachotaka kuwaambia walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hasa nyie mnaoanza kazi mwaka huu na mmepewa la kwanza kwa sababu eti ni darasa jepesi. Kusoma kwa pamoja kunaficha. Siku moja muombe mwenzako aongoze darasa lako wewe simama nyuma, au tuseme pembeni karibu na dirisha uone nyuso, utaona watoto kama 20 au 30 ndio wanaobeba darasa, hao wanatazama ubao. Waliobaki midomo yao inakuja nyuma kidogo, kama mtu anayeimba wimbo wa kanisani asioujua, anasikiliza mwenzake anaanza vipi kisha anadakia. Wengine macho yako juu kwenye bati. Wengine wanakuangalia wewe mdomoni. Mtoto anayetazama mdomo wa mwalimu hasomi, anasikiliza.

Sisemi tuache kusoma pamoja. Mtoto mwoga anapata ujasiri ndani ya kundi, anajifunza mahali pa kutua, na darasa likichoka hakuna kitu kinaliamsha kama kupaza sauti pamoja. Ila iwe dakika tano, na isiwe ndiyo kipimo. Kipimo ni mtoto mmoja, maandishi asiyoyajua, na sikio lako.

Najua mnachotaka kusema, madam wewe una watoto wangapi, mimi nina 150. Nakujua kabisa. Nilikuwepo Januari 2016 elimu bila ada ilipoanza, wazazi walikuja na watoto wamepanga foleni mpaka barabarani, darasa langu lilipanda karibu mara mbili kwa wiki moja na madawati hayakuongezeka hata moja, watoto wanakaa chini, mgongo wa huyu ndio meza ya yule. Kwahiyo siongei kama mtu wa semina aliyekuja na gari. Naongea hesabu. Nikisikiliza watoto sita kila siku, dakika mbili kila mmoja, ni dakika 12. Watoto 118 wanaisha ndani ya siku 20 za shule, yaani wiki nne. Kila mwezi kila mtoto amesomea sikioni kwangu mara moja. Ni kidogo, najua, lakini kabla ya hapo ilikuwa sifuri.

Hizo dakika 12 nazipata wapi, nazipata asubuhi wakati wa usafi na kuita majina, na nyingine wakati wanaandika. Nina daftari la kawaida la kurasa 96, kila mtoto ana mstari wake, siandiki alama, naandika kitu nilichosikia. "Anajua ma me mi mo mu, akikuta mwa anasimama." "Anakisia kwa herufi ya kwanza." "Anasoma vizuri, haelewi." Maneno matatu manne yanatosha. Mwezi ukifuata namuangalia kwenye kile kile nilichoandika. Afisa elimu kata aliwahi kupita akauliza hili daftari liko kwenye mwongozo gani, nikamwambia haliko kwenye mwongozo wowote, akalisoma muda mrefu akanirudishia bila kusema kitu. Andalio la somo lilikaguliwa kama kawaida.

Baada ya kuwasikiliza ndio nikawapanga. Hapa nilitumia ngazi ambazo wengi mnazifahamu kupitia Uwezo, wale waliokuwa wanapita nyumbani kwa nyumbani tangu 2010 kuwapima watoto kwa kiwango cha darasa la pili, na wao chanzo chao ni tathmini ya ASER ya India. Ngazi zenyewe hazina utaalamu mkubwa: kuna mtoto asiyejua kitu, kuna wa herufi na silabi, kuna wa neno, wa aya, na wa hadithi. Nusu saa kila siku watoto wangu wanakaa kwa ngazi, sio kwa umri wala kwa dawati la kila siku. Kundi la hadithi linajitegemea, linasoma na kuulizana maswali. Mimi nakaa na kundi la chini kabisa. Naomba hili mlishike maana kuna tabia ya kuwaweka watoto wasiojua nyuma kabisa na kuwaachia kiranja. Anayejua kidogo ndiye anayehitaji mwalimu zaidi, kiranja apewe wanaojiweza.

Sasa tuje kwenye kufundisha kwenyewe.

Tangu mtaala wa 2015 wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tumeambiwa tuanze na sauti za herufi na sio majina yake, na kuna walimu wazee bado wanapinga, wanasema sisi tulisoma kwa a, be, che, de na tumefika hapa. Ni kweli mlifika, ila hesabuni na waliobaki njiani. Mtoto ukimfundisha kwamba hii ni "ke" na hii ni "a", ukimwambia aunganishe anakuambia "kea", na hajakosea, amefuata ulichomfundisha. Mimi naanza na irabu tano, kisha m, n, l, kwa sababu hizo unaweza kuzivuta. Mmmmm, aaaa, mmmaaa, ma. Mtoto anasikia kabisa sauti moja inavyoingia kwenye nyingine. Jaribu kuvuta k au t, haivutiki, inakatika, ndio maana mtoto ukimuanzishia na hizo kuunganisha kunamshinda. Akishashika mchezo wa kuvuta na m, ukimletea k anaikubali tu.

Na ukishafika m, n, l, k, t pamoja na irabu, simama uone utajiri ulionao. Kwa herufi kumi tu nikaandika ubaoni: "Kuku anakula nini? Kuku anakula mtama." Watoto wa wiki ya saba hao, wamesoma sentensi mbili nzima zenye maana, na huku kwetu kila mtoto amewahi kufukuza kuku kwenye mtama. Mama, kaka, kiti, meli, kalamu, mkate, tatu, nane, zote zimo. Usisubiri mpaka z ndio uwape sentensi.

Kuna ubishi hapa kati ya watu wa sauti na watu wa silabi. Nimesoma na kusikiliza pande zote na msimamo wangu ni kwamba Kiswahili kinaruhusu kwenda haraka. Ile kamati ya kitaifa ya kusoma ya Marekani iliyotoa ripoti yake mwaka 2000 ilitaja mambo matano: kutambua sauti, kuoanisha sauti na herufi, ufasaha, msamiati, ufahamu. Semina nyingi tunazohudhuria zimejengwa juu ya hayo matano na ni mazuri. Lakini ile kazi ilihusu Kiingereza, lugha ambayo mtoto anaweza kujua herufi zote na bado neno likamshinda kwa sababu linaandikwa hivi linatamkwa vile. Sisi irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake ile ile popote uikute, na silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu. Kwahiyo sauti ni ufunguo, ukishafungua mlango usikae mlangoni, ingia kwenye silabi. Mtoto wa Kiswahili akizimudu silabi, neno lolote ni lake, hata kama ni refu kama treni. Nguvu tunayookoa kwenye tahajia tuihamishie kwenye msamiati na ufahamu, kwa sababu huko ndiko watoto wetu wanakofia.

Ila silabi zenyewe zisifundishwe kama wimbo. Ba be bi bo bu, da de di do du, mtoto anaiimba hata akiwa usingizini. Mimi naandika "bo" peke yake. Au naandika "bu, ba, bi" kwa mpangilio ambao wimbo hauna. Mara ya kwanza kufanya hivi nusu ya darasa ilipotea.

Alafu kuna silabi zenye mitego na hapa naomba nikae kidogo maana sijaona watu wengi wanaziongelea. Andika "mbu" na "mbuzi" ubaoni. Kwa macho zinaanza sawa kabisa. Sasa piga makofi. M-bu, makofi mawili. Mbu-zi, makofi mawili. Ile "mbu" ya mbuzi ni silabi moja, ile ya mdudu ni silabi mbili, m inasimama peke yake. Siku niliyofundisha hivi nilikuwa nimepanga dakika kumi ikawa kipindi kizima, kuna kijana mmoja hakukubali, akasimama akasema madam mbona zimeandikwa sawa, na ana haki, zimeandikwa sawa. Nikamwambia funga macho useme tu, piga makofi mwenyewe. Akapiga. Akarudia. Akaanza kutafuta nyingine kichwani kwake: mtu, m-tu. Mbwa, m-bwa. Nchi, n-chi. Nne, n-ne. Mti, m-ti. Mkate, m-ka-te. Mpaka kengele inalia wanabishana kuhusu "mbegu", na wote wamesahau kwamba wako kwenye somo. Ukimfundisha mtoto kukariri "mba mbe mbi mbo mbu" kama kifurushi, akikutana na mbu wa malaria atamsoma kwa kofi moja, na atakaposikia halimletei maana ataanza kukisia.

Nyingine ni ng na ng'. Ngoma na ng'ombe. Ile alama ndogo pale juu watoto wanaidharau, wengine hata sisi walimu tukiandika haraka tunaiacha. Kwa watoto wa Kisukuma hii ni zawadi maana hiyo sauti wanayo nyumbani tangu tumboni, kila siku wanasikia ng'wana hivi ng'wana vile. Mwambie tu ile sauti unayoijua inaandikwa hivi. Dakika moja imeisha.

Na hapo hapo niseme kuhusu r na l, maana nimeona watoto wanakatwa alama mpaka wanalia. Mtoto wa huku akisoma "rula" atasema "lula", akisoma "barabara" atasema "balabala". Swali la kujiuliza ni je, ameliona neno? Muulize rula iko wapi, akiichukua mezani akakupa, amesoma. Hiyo ni lafudhi ya lugha ya mama yake. Kisukuma hakina r. Hata ile tathmini ya kusoma kwa madarasa ya chini, EGRA, iliyofanyika kitaifa mwishoni mwa 2013 kwa watoto wa la pili, wapimaji wake wanaelekezwa wasimhesabie mtoto kosa kwa lafudhi. Kutamka tutamfundisha taratibu, kwa nyimbo na kwa kusikia, ila usimkatishe katikati ya sentensi kumwambia "sema rrr", ukimkatisha mara tatu anasahau sentensi ilikuwa inahusu nini na kesho hanyooshi mkono.

Vizibo. Hiki ndio kifaa changu na hakina gharama. Nilienda kwa mama wa duka la soda nikamuomba anitunzie, baada ya mwezi nikapata nusu ndoo. Nikagonga zile kingo ziwe bapa zisikate vidole, nikaandika silabi kwa markapeni, moja kila kizibo, ka, ta, ma, li, no, na kadhalika, kila kundi na kopo lake. Mtoto anavuta vizibo vitatu anapanga anasoma. Likitokea neno wanashangilia. Lakini thamani kubwa iko pale linapotokea neno lisilokuwepo: temilo, kanuti, mulake. Hayo hakuna aliyewahi kuyaimba, hakuna picha pembeni ya kukisia, ni jicho la mtoto na silabi tu. Kale kabinti ka mtama nilikafanyisha hivi kila siku wiki sita. Wiki ya kwanza kalikuwa kananitazama usoni kuona kama nakubali. Nikaanza kukaa nyuma yake ili asinione uso. Mwezi wa kumi na moja mwanzoni kalisoma "kanuti" kakacheka peke yake, kakaniambia madam hiki kitu hakipo.

Imla nayo. Tumeiacha kwa sababu ya kusahihisha, madaftari 118 mtu anaona bora wanakili ubaoni. Kunakili kunatoa mwandiko mzuri, sikatai, ila nina watoto wananakili aya nzima wanapendezesha, ukiwaambia soma ulichoandika hawajui. Wamechora. Mimi natoa maneno matano tu kila siku, yale ya silabi za wiki hiyo, nasema neno, wanalirudia, wanapiga makofi yake, wanaandika. Naandika ubaoni, kila mtu anasahihisha daftari la jirani, mimi napita naangalia kundi la chini. Mtoto hawezi kuandika neno kwa kusikia bila kulichambua sauti kwa sauti, kwahiyo imla ni kusoma kwa upande wa pili.

Sasa ufahamu. Nilikuwa na kijana anasoma haraka kuliko wote, wageni wakija ndiye anayeitwa. Siku moja tulikuwa na habari ya mvuvi anayeingia kwenye ngalawa asubuhi, kijana akasoma kama mtangazaji wa redio, nikamuuliza mvuvi amepanda nini, akasema "ngalawa". Sawa. Nikamuuliza ngalawa ni nini. Akafikiri, akasema "ni mlima". Kwake kupanda ni kupanda mlima, basi ngalawa ni mlima. Na ukiangalia amefikiri vizuri kabisa kwa kile alichonacho. Sisi tuko mbali na maji, ziwa lenyewe wengi hawajaliona, na ngalawa ni chombo cha pwani. Swali langu la kwanza lilijibiwa vizuri na halikupima chochote, kwa sababu jibu lilikuwa limekaa pale pale kwenye sentensi, hata ukimuuliza mtoto kwa lugha ya kubuni atalitoa.

Tangu hapo kabla ya kusoma natafuta kwenye habari maneno matatu ambayo nahisi hawana, nayaleta mapema, kwa kitu, kwa picha au kwa kuigiza. Mwavuli niliubeba kutoka nyumbani, siku ya jua kali, nikaufungua darasani, mpaka leo wanaukumbuka. Na maswali angalau moja jibu lake lisiwepo kwenye maandishi. Kwa nini unadhani kuku alikimbia? Wewe ungefanyaje? Na mtoto akitaka kujibu kwa Kisukuma namruhusu. Mimi sio mtu wa huku, nimekuja na Kiswahili changu na "mwangaluka" ya kusalimia tu, kwahiyo mwenzake ananitafsiria. Kuna mwalimu alinilaumu kwamba lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Ni kweli na kusoma tunasoma Kiswahili. Ila nikitaka kujua kama ameelewa, lazima nimpe mlango anaoweza kutokea nao. Ukimnyamazisha hutajua kama hajaelewa au hana maneno ya kusemea.

Bibi mwenye nyumba ninayopanga alinifundisha kitu hapa bila kukusudia. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo, miaka ile ambayo Mwanza palikuwa na ule mradi wa UNESCO ulioanza 1968. Ananiambia maneno waliyoanzia yalikuwa ya pamba, kupanda pamba, kupalilia pamba, na walikuwa wanatoka shamba la pamba wanaingia darasani na udongo mikononi. "Neno nilikuwa ninalo mdomoni tayari," aliniambia, "mwalimu alinionyesha tu uso wake." Nimeandika hiyo sentensi nyuma ya daftari langu. Mtoto wa la kwanza tunampa vitu viwili vigeni kwa wakati mmoja, neno asilolijua na herufi asizozijua, kisha tunashangaa.

Kwahiyo kila siku baada ya mapumziko, dakika kumi, hadithi. Hadithi hadithi? Hadithi njoo. Nasoma mimi kwa sauti kutoka kitabu, au nasimulia sungura na fisi, wao wanasikiliza tu, hakuna daftari. Nikifika pale fisi anapokaribia kudanganywa nafunga kitabu nauliza mnadhani nini kitatokea. Walimu wengi wanaona huu ni muda wa kupoteza na mimi nasema ndio msamiati unapoingia, mtoto anaweza kuelewa kwa kusikia maneno ambayo macho yake yatayafikia baada ya mwaka mmoja, na siku yatakapoyafikia yatakuta mwenyeji.

Kuhusu kasi, ndio, napima, dakika moja kwa simu, kwa wale wa kundi la aya na hadithi tu. Anayesoma silabi moja moja kwa kujikongoja akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka, kwahiyo kasi ina maana. Lakini msichukue takwimu za maneno kwa dakika za watoto wa Kiingereza mkazileta hapa. Neno letu moja "wanaposhirikiana" lina silabi nane, kwa Kiingereza hilo ni fungu zima la maneno. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Na usimpime mbele ya wenzake, saa ikishakuwa mashindano mtoto anakimbiza maneno na kumeza nusu.

Fimbo sitaiongelea sana. Niliwahi kumchapa mtoto kwa kushindwa kusoma, miaka ya mwanzo, na baadaye ndio nikagundua alikuwa haoni ubao, macho, akisogezwa dawati la mbele alisoma. Nikimuona mpaka leo, ni kijana mkubwa sasa, ananiamkia vizuri na moyo wangu unauma. Kabla hujasema mtoto hawezi, msogeze mbele. Msimamishe mgongo kwako muite jina kwa sauti ya chini uone kama anasikia. Uliza kama amekula.

Wazazi nawaambia kitu kimoja tu kwenye kikao, hata asiyejua kusoma anaweza kusaidia. Mwambie akusomee ukiwa unapika. Alafu weka kidole kwenye neno lolote, katikati, sio mwanzo, muulize hili nini. Huhitaji kulijua wewe, angalia tu kama anarudi mwanzo wa ukurasa.

Mwaka huu kilichonikwama ni dh, th na gh. Herufi mbili sauti moja, na ni sauti ambazo huku hakuna nyumba inayozitumia, dhahabu inakuwa zahabu, thelathini inakuwa selasini, ghali inakuwa gali, na hapa siwezi kusema ni lafudhi tu kwa sababu kwenye imla wanaandika hivyo hivyo wanavyotamka, kitu ambacho kwa kanuni nilizowafundisha ni sahihi. Nimejaribu ulimi katikati ya meno wakacheka wakasahau, nimejaribu kadi za picha, nimejaribu kuwapangia maneno ya jamii moja pamoja, dhambi, dhahabu, dharau. Wachache wameshika. Walimu wa pwani huko Tanga na Unguja ambao watoto wenu wanazo hizi sauti nyumbani, na nyie wa bara mliofanikiwa, naomba mniandikie hapa chini mnafanyaje, jumatatu naanza tena na "dh" na kundi la neno, watoto 34.